Geuza Zulia, Uutazame Mgongo Wake



Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hiyo naliisoma nikiwa chuo cha ualimu, hata nikaifundisha watoto darasani. Lakini maana yake nimeipata juzi tu, nikiwa karani wa parokia, tena kwa fedha zisizo zangu.

Waumini wetu walichanga shilingi 900,000 ili tupate zulia la kutandika mbele ya altare. Baba Paroko akanikabidhi fedha, akasema, "Karani, wewe ndiwe msomi wetu. Nenda katununulie." Basi nikaenda mjini. Muuzaji mmoja akanikunjulia zulia jekundu lenye maua, linang'aa mno. Akaniapia kuwa ni la Uajemi, la kufumwa kwa mkono, hariri tupu. Nikaona haya kuuliza maswali, nisije nikaonekana mshamba. Nikalipa, nikarudi kifua mbele.

Bibi mmoja mzee, ambaye hufagia kanisa letu, alilitandika, kisha akalifunua pembeni. "Mwanangu," akaniuliza, "mbona maua haya hayakufika upande wa pili?" Nikainama kutazama. Kumbe nyuma ni kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi! Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa yule muuzaji, naye akakataa kurudisha hata senti moja.

Tangu siku hiyo nalisoma na kumwuliza fundi mzee anayetengeneza mazulia yaliyochakaa. Haya ndiyo niliyojifunza, nawe yashike.

Kwanza, geuza zulia. Mfumaji wa Uajemi au wa Uturuki hutanda nyuzi za mtande, kisha hufunga uzi wa sufu kwa fundo katika nyuzi mbili za mtande, hukata, hufunga fundo jingine. Safu ikiisha, hupitisha mshindio na kuushindilia kwa kitana kizito. Ndiyo sababu ua lililo usoni huonekana wazi hata mgongoni. Ukikuta kitambaa na gundi, jua kwamba nyuzi zilidungwa tu, hazikufungwa.

Pili, tazama matamvua. Matamvua ya asili ni ncha za mtande wenyewe. Yakiwa yameshonewa juu, tia shaka, ukauchunguze mgongo tena.

Tatu, hesabu mafundo. Pima sentimita moja mgongoni kwa upana, na moja kwa urefu. Angalia, maana mara nyingi fundo moja huonekana kama vipele viwili vilivyo pamoja. Ukipata 5 kwa 5, ni mafundo 25. Basi zulia la mita 2 kwa 3 lina mafundo 1,500,000. Mfumaji hodari akifunga 8,000 kwa siku, atafanya kazi zaidi ya siku 180. Hapo utajua kwa nini zulia la kweli haliwezi kuwa rahisi. Lakini usihukumu kwa hesabu peke yake. Wafugaji wa Qashqai, kusini mwa Iran, hufuma mazulia yenye mafundo machache kuliko yale ya mjini, nayo hupendwa kwa sufu yake njema na rangi zake.

Nne, lowesha kitambaa cheupe, usugue pole pole. Rangi ikihamia kitambaani, haikushika vema.

Tano, ukiambiwa ni hariri, omba ruhusa uchomoe uzi mmoja, uuchome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Sufu nayo hunuka vivyo hivyo. Lakini pamba na hariri ya bandia hunuka kama karatasi, na nailoni huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Sasa sikia jambo lililonitia haya zaidi. Katika chumba cha nyuma ya sakristia palikuwa na zulia kuukuu, limefifia, limeliwa na nondo. Halmashauri yetu ilikuwa imekwisha kukata shauri litupwe. Zamani majahazi ya Ghuba ya Uajemi yalikuja pwani hii kwa pepo za kaskazi, yakileta tende, makasha na mazulia. Nani alilitoa hili kanisani, vitabu vyetu havisemi. Nikaligeuza. Maua yote yalikuwapo mgongoni, fundo kwa fundo.

Usiseme kwamba zulia bovu halina thamani. Zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi karibu na mwaka 1540, lilikuwa limeharibika, likatengenezwa kwa vipande vilivyokatwa katika zulia mwenzake. Hata hivyo, mwaka 1893 jumba la makumbusho huko London lililinunua kwa pauni 2,000, na hadi leo watu huenda kulitazama.

Letu si la Ardabil. Lakini fundi ameliziba matundu, na sasa limetandikwa mbele ya altare. Mimi nalisimama mbele ya halmashauri, nikaungama kosa langu. Hawakunifukuza. Kila mwezi nakatwa kidogo katika mshahara wangu, mpaka zile 900,000 zitimie. Ni haki.

Basi, ndugu msomaji, kama una zulia la marehemu babu yako, usimpe mchuuzi apitaye kwa bei ya kutupa kabla hujaligeuza. Na ukienda kununua, usione haya kuuliza. Mimi sikuuliza kwa kuwa niliitwa msomi, na yule bibi asiyejua kusoma ndiye aliyetazama nyuma.

Wasalaam,
Karani wa parokia