Simu ya mama haikujua kama amekula

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa kisukari, naomba unitegee sikio kidogo. Haya nitakayokusimulia yalinipata mimi, wala sitaki yakupate wewe.

Mama yangu anaishi mtaani Jericho, hapa Eastlands, katika nyumba ile ile nilimolelewa. Daktari alipomwandikia insulini ya asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya chakula, nilijiona mwana mwerevu. Niliichukua simu yake, kabambe ya vibonye, nikaitegea kengele saa kumi na mbili unusu asubuhi na jioni. "Mama, simu ikilia, jidunge," nikamwagiza. Nikarudi zangu Kayole roho imetulia.

Kumbe usilolijua ni kama usiku wa giza! Jioni moja gesi iliisha. Mama akamtuma mjukuu dukani, naye, kama uwajuavyo watoto, akakutana na kandanda njiani. Simu ikalia. Mama akatii, akajidunga. Chakula kikakawia. Jirani alipobisha hodi saa mbili usiku, alimkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, maneno yake hayana kichwa wala miguu.

Jirani huyo alikuwa amewahi kumuuguza mumewe. Kwa kuwa mama bado aliweza kumeza, alimnywesha maji ya sukari, akasubiri dakika 15, kisha akampima kwa kile kijimashine cha kutoboa kidole. Kikaonyesha 3.4. Akamwongezea maji ya sukari, halafu akamtafutia chakula. Angekuwa amezirai, kumtilia kitu kinywani kungemkaba roho. Hapo ni kukimbilia hospitali tu.

Nilipofika mbio mbio nilimuuliza, "Mama, mbona ulijidunga kabla chakula hakijapatikana?" Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, simu yako iliniambia nijidunge. Haikuniuliza kama nitakula."

Maneno hayo yalinichoma kuliko sindano. Insulini ni dawa ya kuokoa maisha. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa umri wa miaka 14 alipodungwa kule Toronto, Kanada, watoto wenye maradhi kama yake walikuwa wakingojea kifo tu. Lakini dawa hiyo hushusha sukari mwilini, chakula kiwepo kisiwepo. Kisu kilicho kikali hakichagui cha kukata.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti ulioanza mwaka 2007 humu nchini, kliniki ya Pumwani, jirani zetu, ikiwa mojawapo ya tatu zilizoshiriki. Wagonjwa walikuwa 538, wa ukimwi wala si wa kisukari, walioanza kumeza dawa. Takriban nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", pamoja na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: miongoni mwa waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walifuata dawa zao ipasavyo, miongoni mwa wengine, asilimia 50.

Tazama sana hapo, msomaji. Ujumbe ule haukuamuru mtu ameze dawa. Uliuliza, na kulikuwa na binadamu aliyengoja jibu. Kengele yangu haikuuliza wala haikungoja.

Basi tulikwenda kliniki, tukaketi na muuguzi, tukapanga upya. Siku hizi jioni huandika, "Mama, chakula ki tayari?" Yeye hujibu "Kipo" au "Bado". Kikiwa bado, sindano hungoja. Kisha hujipima na kunitumia nambari, nami huiandika daftarini tunalompelekea daktari. Ikiwa chini ya 4, hatumii sindano kwanza. Hunywa maji ya sukari, hungoja dakika 15, hujipima tena. Asipojibu, nampigia. Asiposhika, nampigia jirani.

Kengele sikuitupa. Niliipa kazi inayoiweza. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, mbali na barafu. Ikishafunguliwa, nyingi hudumu wiki nne hivi mahali penye ubaridi, mbali na jua na jiko. Simu hulia siku ya 28, mama akajua chupa imezeeka.

Mpango wetu si amri kwako. Dozi na saa za mgonjwa wako zipange na daktari wake. Vijiti vya kupimia navyo vina gharama, na kuna wiki ambazo mfuko wangu hutoboka kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini kuuliza hakuhitaji simu ya bei ghali. Mtoto wa shule anaweza kumwuliza nyanya yake swali hilo kabla hajafungua vitabu.

Juma lililopita niliandika kama kawaida. Jibu likaja upesi: "Kipo. Na wewe, mwanangu, umekula?"

Nilikuwa bado. Niliweka simu chini, nikaenda kula.