Mshikwa na Ngozi

Hadithi za upelelezi nilizipenda tangu shuleni, na aliyenitia ugonjwa huo ni Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alituletea mtu huyo mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, nasi watoto wa pwani tukamwona kama jirani. Baadaye nikahamia kwa Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo yake, kisha kwa vitabu vya Musiba vilivyokuwa vikipita mkono kwa mkono mpaka majalada yanabanduka. Vyote nilivisoma kwa namna moja, mbio mbio kuelekea ukurasa wa mwisho. Nilikuwa natafuta jina. Muuaji akishatajwa, nafunga kitabu, nalala.

Sasa sisomi hivyo. Kilichonigeuza ni kesi ya kweli, na mwanzo wake uko hapa hapa Bagamoyo, si mbali na soko la samaki ambako mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi.

Waliokulia Mji Mkongwe wamesikia habari za Mzungu aliyeanguka dirishani. Huyo ni Emin Pasha. Alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia, akasomea udaktari, akaishia kuwa gavana wa Ikwetoria, kusini mwa Sudan, chini ya serikali ya Misri. Vita vya Mahdi vilipomfungia njia, Henry Morton Stanley akaenda kumtoa, na tarehe 4 Desemba 1889 msafara wao ukaingia Bagamoyo. Usiku ule ule Wajerumani wakaandaa karamu ghorofani. Watu wakiwa bado wanakula na kupongezana, Emin akapita dirishani, akaporomoka mpaka chini, fuvu likapata ufa.

Nimelelewa na masimulizi matatu ya anguko hilo. Kwamba alisukumwa. Kwamba alijirusha ili asirudi Ulaya akiwa ameshikwa mkono na Stanley. Kwamba mvinyo ulimzidi. Mimi nililipenda la kusukumwa, maana ndilo lililokuwa na mkosaji. Siku moja nikalipeleka kwa mzee wetu mmoja aliyestaafu kufundisha historia, tunayemwita Mwalimu tu.

"Shikamoo Mwalimu. Hivi aliyemsukuma Emin Pasha ni nani hasa?"

"Marahaba. Kumbe umeshajua kwamba alisukumwa?"

"Ndivyo wanavyosema, Mwalimu."

"Hao wanaosema walikuwepo? Hebu niambie kwanza, macho yake yalikuwaje."

Sikuwa nimewaza macho. Nilipokwenda kusoma nikaona kwamba Emin alikuwa haoni mbali hata kidogo. Karatasi aliisogeza mpaka karibu na pua ndipo aisome. Nyumba ngeni, usiku, taa za karamu nyuma yake, na mbele dirisha alilolidhania kuwa njia ya kutokea roshani. Maelezo hayo hayana utamu wowote. Hayahitaji adui, hayahitaji siri. Lakini yanasimama juu ya jambo ambalo watu wengi waliomfahamu walilishuhudia kwa miaka, wakati kisa changu cha kusukumwa kilisimama juu ya "wanasema".

Alipona, akakaa Bagamoyo miezi kadhaa, akaingia katika utumishi wa Wajerumani, na Aprili 1890 akaondoka na msafara kurudi bara pamoja na Franz Stuhlmann. Ndui ikawashambulia njiani. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann awachukue wazima awarudishe, yeye akabaki na wagonjwa, na macho yenyewe yakiwa yanakaribia kuzimika. Akaendelea kuelekea Kongo. Oktoba 1892 aliuawa katika misitu ya mashariki ya Kongo, kwa mtemi aitwaye Kinena.

Sasa hapa ndipo upelelezi ulipo. Mtu kauawa msituni, mbali na polisi, mbali na mahakama, mbali na simu ya waya. Nani atajua?

Kilichofungua njia ni vita. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuwa ikipigana na mabwana wa Kiarabu na Kiswahili wa Maniema, watu wa pembe na watumwa, wengi wao wakiwa na ndugu na wadeni huku kwetu pwani. Aprili 1893 majeshi ya Francis Dhanis yakauteka mji wa Kasongo, na humo vikakutwa vitu vya Emin, yakiwemo maandishi yake. Wahenga walisema mshikwa na ngozi ndiye mwizi. Kwa methali hiyo, mji mzima ulikuwa na hatia. Lakini Kasongo ulikuwa mji wa biashara. Saa ya mtu aliyeuawa safari ya siku nyingi kutoka hapo inaweza kufika kama zawadi, kama malipo ya deni, kama ngawira iliyogawiwa mara tatu. Ngozi inakuambia kwamba mnyama kachinjwa. Aliyeishika anaweza kuwa mnunuzi tu.

Mwaka 1894 Mmarekani mmoja, Richard Dorsey Mohun, wakala wa serikali yake huko Kongo, akapata watu wawili waliokiri kushiriki: Ismailia na Mamba. Masimulizi yao aliyachapisha katika jarida la Century mwaka 1895, nami nilipoyapata niliyasoma kwa pupa ya zamani. Wanasema Emin alikuwa mezani anaandika. Watu wake walikuwa wameshawishiwa waache bunduki zao na kwenda mashambani kuchukua chakula. Kinena akamjia na barua ya bwana mkubwa wa eneo hilo, Kibonge, iliyoamuru auawe. Wakamkamata mikono. Kisu kikafanya kazi, na kichwa kikapelekwa kwa Kibonge ndani ya sanduku. Ismailia na Mamba walinyongwa. Kibonge naye baadaye alipigwa risasi na askari wa Dola Huru.

Zamani ningefungia kitabu hapo. Majina yapo, kamba ipo. Ila swali la Mwalimu lilikuwa limeshanikaa kichwani, na nikarudi mwanzo kuangalia nani anasema nini akiwa wapi. Wasemaji ni watu wawili waliokuwa mikononi mwa jeshi lililo vitani na mabwana zao. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kuipandisha amri juu, kwa mwenye cheo, ili yeye abaki mtumwa aliyetumwa. Na anayeuliza ana kila sababu ya kuipenda amri hiyo, kwa kuwa inamfikisha kwa Kibonge anayemwinda. Ukiri uliowapendeza wote wawili, mwulizaji na mwulizwa, unahitaji kupimwa kwa kitu kisicho na mdomo. Kitu hicho kipo. Shajara ya Emin, mtu aliyeandika kila siku hata wino ulipokuwa shida, inakomea Oktoba 1892. Alikuwa anaandika kweli, na kuandika kulikatika wakati ule ule wanaoutaja. Kwa hiyo kiini cha masimulizi nakiamini. Nakiamini kwa sababu ya daftari. Kamba ya mnyongaji haikuniongezea chochote.

Kuna jambo limenishangaza tangu nilipolitambua. Mwaka ule ule wa 1892, mwezi Juni, katika mji wa Necochea huko Argentina, watoto wawili waliuawa. Mama yao, Francisca Rojas, akamtaja jirani, Velázquez. Polisi wakamtesa mtu yule ili akiri, akakataa. Ndipo akaja mkaguzi Eduardo Álvarez, akakuta alama ya kidole chenye damu mlangoni, akakikata kile kipande cha ubao na kukilinganisha na vidole vya mama mwenyewe kwa njia aliyojifunza kwa Juan Vucetich. Ilikuwa yake, naye akakiri. Fikiria Velázquez angekuwa mwoga kidogo tu, akasema ndiyo ili kipigo kikome. Kesi ingefungwa kwa ukiri mzuri wenye tarehe na sahihi, na watu wangelala. Miaka mitano baadaye, 1897, ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta kwa mfumo uliopewa jina la bosi Mwingereza, Edward Henry, ingawa hesabu zake zilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. London ikauchukua mwaka 1901. Watu wa Bahari ya Hindi walikuwa ndani ya kazi hii tangu asubuhi, hilo huwa nalisema kwa sauti kidogo.

Bagamoyo nayo ina sehemu yake, isiyo na jinai. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa katika mnara wa kanisa pale Misheni, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka kwa Chitambo. Njiani, watu walipokataa maiti kupita, walifunga mzigo wa bandia wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe kuuzika, na mwili wenyewe wakauviringisha kama robota la nguo. Ulipofika London, wapo waliotilia shaka. Daktari William Fergusson akaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Simba alikuwa amemvunja mfupa wa juu wa mkono huo huko Mabotsa mwaka 1844, na haukuunga sawasawa. Mfupa ulikuwepo, na ulemavu wake. Mimi mnara ule nilikuwa naupita na pikipiki bila hata kugeuza shingo.

Naandika haya kama ushuhuda, kwa hiyo niseme mabadiliko yamenifikisha wapi. Hayakubaki vitabuni.

Pwani yetu ilikuwa na njia zake za kumpata mkosaji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliviandika viapo pamoja na mambo mengine. Mtuhumiwa anapewa mchele uliosomewa autafune, ukimkwama, kaiba. Si upuuzi mtupu, kwani hofu hukausha mate kweli. Tatizo ni kwamba asiyeiba naye huogopa. Na roho ya kiapo kile haijafa. Imehamia kwenye ramli.

Pale sokoni iliibwa mashine ya boti, ya farasi 15. Kwa mvuvi hilo ni sawa na kuvunjiwa nyumba. Kufikia asubuhi jina lilikuwa limeshapatikana, la kijana mmoja mlinzi wa vyombo. Wengine walikuwa wameanza kuchanga fedha za mganga, wengine walitaka wamtie mkononi kabla polisi hawajafika. Mzee mmoja akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," na watu wakaitikia kwa vichwa.

Nikaomba nafasi. Nikachukua daftari la kikundi, nikamwita mmoja mmoja kando, nikimuuliza jambo moja: umeona mwenyewe, au umeambiwa? Karibu wote walikuwa wameambiwa. Nyuzi zote zikarudi kwa mtu mmoja, aliyesema alimwona kijana saa nne usiku akipakia mashine kwenye ngalawa na kuondoka kwa kafi.

"Saa nne una hakika, kaka?"

"Hakika. Nilikuwa natoka kuswali na kula, nikaangalia simu."

Nikaandika. Kisha nikamsomea nahodha mmoja mkongwe maneno yale bila kumwambia nawaza nini. Akacheka. Ilikuwa bamvua. Saa nne ya usiku wa bamvua maji yetu yamekupwa mpaka kule, ngalawa zote zimelala kwenye tope, na mashine ile ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Hakuna aliyepiga kafi saa ile isipokuwa alipiga mchanga. Kila mtu pale sokoni anaijua bahari hiyo tangu utotoni, ila hakuna aliyekuwa ameiita kutoa ushahidi.

Shahidi akaanza kusema labda ilikuwa saa nane, labda hakuwa yule. Kijana hakuguswa. Polisi wakachukua maelezo, na swali lao la kwanza lilikuwa namba ya mashine. Mwenyewe hakuwa nayo. Mashine haijaonekana mpaka leo, na mwenye mali alininunia, akidai kwamba nimemlinda mwizi kwa maneno ya vitabuni. Sikuwa na jibu la kumtuliza. Ukurasa wa mwisho wa kesi yake hauna jina.

Tulichofanya ni kufungua daftari jingine. Kila mashine inayolala ufukweni huandikwa namba iliyo kwenye kibati chake, jina la mwenyewe na wapi aliinunua, na picha inapigwa kwa simu. Yule bwana aliponunua nyingine, ya mkononi, alikaa siku kadhaa bila kuja. Halafu akaja, akaiegemeza kwenye benchi, akanisomea namba polepole huku nikiandika.

"Katibu, andika na ya propela."

"Propela haina namba, mzee."

Akaitazama kidogo, akaigeuza. "Basi tutaitia alama sisi wenyewe," akasema, akaenda kuazima patasi kwa fundi mashua.