Kimea Hakitaki Haraka

Baada ya kuuweka kando mtungi kwa miaka 12, nimerudi kupika kimpumu hapa Kyela, nipate fedha za sare ya mjukuu wangu. Niliuloweka ulezi, ukachipua vyema. Kisha masika yakanyesha siku 3 mfululizo, jua lisionekane, na kimea kikaota ukungu. Jirani alinishauri nikisage hivyo hivyo, kwani anywaye kwa mrija, kwa maji ya moto, hatambui. Lakini ukungu huweza kuzaa sumu isiyomalizwa na moto, na watakaouzunguka mtungi huo ni wajomba na shemeji zangu. Nilikifukia chote. Sare itangoja, nimeloweka ulezi mwingine, nami nasubiri jua.