Ukuta Uliochanua

Neno efflorescence linasikika kama jina la marashi ya bei. Nilikutana nalo nikitafsiri kijitabu cha saruji, kazi ya kulipwa kwa ukurasa, kumbe ni ule ungaunga mweupe unaotokea chini ya kuta zetu hapa Obunga, karibu na sakafu, mvua ikiisha.

Kilatini kililiunda kwa vipande. Flos ni ua. Florere, kuchanua. Florescere, kuanza kuchanua. Ukitanguliza ex, yaani nje, ambayo mbele ya f hugeuka ef, ua limeanza kutokeza. Ndugu zake tunao: akina Flora na Florence wamejaa Nyanza nzima. Hata florin, pesa iliyotumika Kenya kati ya 1920 na 1921 kabla ya shilingi, jina lake linaanzia kwa sarafu ya mji wa Florence, Italia, iliyochorwa yungiyungi.

Sisi tunasema tu ukuta umetoa chumvi. Mimi napendelea chetu, kinataja kitu chenyewe. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia matofali yakiwa na chumvi iliyoyeyuka. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Ndilo ua lenyewe. Kupaka rangi juu yake ni kazi bure, itabambuka. Dawa iko kwenye msingi: karatasi ya kuzuia unyevu, ambayo kwa ploti nyingi huku mjenzi aliiruka.

Sasa, jirani yetu alipohama, landilodi alikata dipoziti yake yote, ati amechafua ukuta. Mama huyu hukaanga mgongo wazi, basi akaambiwa ni mafuta ya samaki. Mafuta gani hukauka yakawa unga mweupe wenye ladha ya chumvi? Nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja: maji, chumvi, msingi. Lile neno refu nililiweka mstari wa kwanza, makusudi, kwa sababu huyo mzee Kiingereza kigumu hukisikiliza kuliko mpangaji.

Alirudishiwa nusu. Nusu nyingine, akaambiwa, ni ya rangi. Chumba kikapakwa krimu wiki hiyohiyo, kikapata mtu. Juzi huyo mpangaji mpya aliniita nione kitu nyuma ya mlango, na kabla sijainama nikamuuliza kama risiti ya dipoziti bado anayo.