Chemba ya Mjomba

Sisi wa Sumbawanga tumeshazoea kutaniwa kwamba kwetu ni kwa wachawi. Wanaotania hawajui kwamba jina lenyewe, kwa Kifipa, linasema: tupa uchawi.

Mimi nusura niokote. Dada yangu anaumwa multipo sklerosisi. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaila ala ya mishipa ya fahamu, kama mtu anayechuna plastiki ya waya wa umeme. Mguu unakufa ganzi, jicho linafifia.

Mjomba akaja toka Dar na habari moto. Kuna chemba ya chuma, unafungiwa humo, unavuta oksijeni tupu kwa mgandamizo kama mara mbili ya ule wa pwani, unapona. Nikaamini, bwana! Si tuko juu huku Ufipa, mita 1,800 hivi, hewa nyepesi? Baba akaanza kuhesabu maksai wa kuuza.

Nikasoma. Kumbe chemba si uongo. Matemwe, Zanzibar, iliwekwa moja kwa ajili ya wapiga mbizi: anayeibuka haraka kutoka kilindini huingiwa na viputo vya gesi mwilini, nayo humwokoa. Hata kwa ugonjwa wa dada, mwaka 1983 madaktari wa New York walijaribu. Kati ya wagonjwa 17 waliopewa oksijeni, 12 walipata nafuu. Kati ya 20 waliozugwa, mmoja tu. Moyo ukanidunda. Lakini wengine waliporudia kwa wagonjwa wengi zaidi, nafuu ile hawakuiona. Mwaka 2004 majaribio yakachambuliwa kwa pamoja, na chemba haikupata sifa ya kuwa tiba yake. Dada hana upungufu wa hewa. Kinga yake ndiyo imeasi.

Siku tatu nilikaa kimya. Nani anataka kuzima taa ya mgonjwa? Jioni ya nne nikamkuta jikoni anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema:

"Wewe si mtunga hadithi? Hii mbona hukunitungia mwisho mzuri?"

Nikakosa jibu.

"Basi mwambie baba maksai wabaki. Zipo dawa za kupunguza mashambulizi, daktari alisema. Tutafute hizo."

Asubuhi baba alipakia magunia mawili ya ulezi kwenye baiskeli, akaenda sokoni kututafutia nauli.