Gitaa la Mjomba na Volyumu ya Redio

Neno kuchakachua lilipovuma hapa Tanzania, mwaka 2010 hivi, lilikuwa neno la vituo vya mafuta: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Haukupita muda tukalipeleka kwenye kura, mbegu, vyeti na mapenzi. Mimi mwaka huu nimelitumia kwa gitaa. Kila aliyefika nyumbani akauliza lile dude la bluu lililolala juu ya meza ni nini, nilimjibu: gitaa lililochakachuliwa. Nalitetea neno hilo mpaka leo, ila kwa nusu tu ya gitaa. Nusu ya pili nimeikosea jina, nami nimelitafuta neno lake kwenye Kiswahili na Kisukuma bila kulipata.

Gitaa ni la mjomba wangu, kaka wa mama, anayeishi nasi hapa Bariadi tangu alipopata kiharusi. Ni Teisco, la Japani, la miaka ya 1960. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967, na enzi zake ilitengeneza magitaa ya bei nafuu, ya watu wanaojifunza na bendi zisizo na hela. Leo yanatafutwa, hasa kwa ajili ya pikapu zake. (Si gari. Mwanangu aliposikia kwamba tunatafuta pikapu ya Mjomba alitoka nje kuangalia.) Pikapu ya gitaa ni kile kidude cha sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wa chuma kuwa umeme. Za Teisco hizi zina karatasi ya rangi ya dhahabu inayochungulia kwenye matundu ya kifuniko. Mpiga gitaa wa Marekani, Ry Cooder, aliweka moja kwenye Stratocaster yake, na wenye pesa wakafuata nyayo.

Lilipotufikia lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, makoti matatu na brashi ikiwa imeacha nywele zake humo humo. Pikapu ya nyuma haikuwepo. Mahali pake mtu alikuwa amechimba shimo kwa patasi, akaweka pikapu nene ya gitaa la kisasa, na kwa kuwa shimo lilizidi akaziba pembeni kwa puti ya kunyooshea magari. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vya aina tatu. Daraja lilikuwa kipande cha chuma chenye spoki ya baiskeli juu yake. Freti za mwanzo zilikuwa na makovu, kama kizingiti cha kisima kinapoliwa na kamba, kwa sababu kuna miaka ambayo nyuzi zilikuwa nyaya zilizofumuliwa kutoka kwenye kebo ya breki.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mjomba alipiga solo katika bendi ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, wakati Bariadi bado ni wilaya ya Shinyanga na mkoa wa Simiyu haujazaliwa (ulikuja 2012). Utaratibu ulikuwa ule ule wa bendi kubwa za Dar es Salaam. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya mwaka 1978 ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Unaweza kucharaza gitaa miaka 10, mji mzima ukalijua kwa jina lako, na usiku ukalirudisha stoo na kusaini daftari. Mshahara ulipokwama miezi mfululizo na bendi ikafa, mhasibu alimwambia Mjomba achukue gitaa wamalizane. Hakuna karatasi. "Tulipeana mikono," anasema, na kwake inatosha.

Miaka ya 1980 mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa hakuna. Sabuni ilikuwa ya foleni. Nani angeagiza nyuzi za gitaa? Lakini msimu wa pamba ulifika vile vile. Ukifunguliwa mwezi Mei, hadi Agosti watu wana hela mkononi, na hapo ndipo Wasukuma wanapocheza. Wagika na Wagalu wanaviziana kwa dawa na vituko kila upande uvute umati wa mwenzake. Bendi ya dansi ya mji mdogo ilishindana na hao, sembuse na Sikinde na Msondo wa redioni. Gitaa likifa Jumamosi, Jumapili lilitakiwa liimbe.

Hayo nilikuwa nayajua kwa kusimuliwa. Sikuyaelewa mpaka nilipofungua skrubu za kifuniko.

Ndani, kuta zote za shimo la nyaya zilikuwa zimebandikwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, kipande kwa kipande, bila pengo. Risasi haishiki kwenye karatasi ile. Mjomba alikuwa amekata ukanda mmoja, akaubana kwa skrubu ndogo pamoja na waya wa hasi. Mimi nafundisha Fizikia sekondari; kila mwaka nachora kizimba cha Faraday ubaoni, na wanafunzi wanakiandika kwa ajili ya mtihani. Huyu darasa la saba alikijenga ndani ya gitaa ili ngurumo ya jenereta isiingie kwenye spika. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aligundua kwamba mkono wake ukigusa chuma kelele inapungua, akaona basi alizungushie chuma lote.

Rangi ya bluu, pikapu nene na puti si vyake. Gitaa liliazimwa kwa vijana wa kwaya fulani, likakaa huko miaka, likarudi hivyo. Hao ndio waliochakachua. Tofauti naiona kwenye shimo lenyewe: Mjomba hakukata ubao hata mara moja. Kila alichoongeza kinatoka kwa bisibisi.

Kazi ya mbao ilienda haraka. Rangi niliikwangua kwa kipande cha kioo na msasa, sikutumia moto wala tina kwa kuogopa rangi ya kiwandani iliyolala chini, ile ya manjano inayokolea kuwa nyeusi pembezoni. Imebaki kama theluthi mbili. Shimo nililijaza kwa kipande cha mninga nilichopewa na fundi seremala. Aliniuliza kama nataka akipake kifanane na mwili wa gitaa. Nilikataa. Mninga ni mwekundu na unaonekana kwa mbali kama kiraka kwenye suruali, na kwangu kiraka kinachoonekana kina adabu kuliko puti.

Pikapu ya zamani ilikuwepo. Mjomba alikuwa ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo vya shati na betri zilizovuja. Mita ilionyesha koili imekatika: umeme hauendi. Dawa ni kuisuka upya. Mafundi wa kusuka mota mjini wana waya, lakini mwembamba wao ni mnene mno. Unaotakiwa ni kama milimita 0.06, mwembamba kuliko nywele nyingi. Niliupata ndani ya rilei za zamani kwenye vyuma chakavu.

Nikiwa katikati ya hayo, binamu yangu, mtoto wa Mjomba aliyeko Dar, akanitumia ujumbe. Alikuwa ameangalia bei mtandaoni. "Usiguse kitu kaka. Linauzwa kama lilivyo, au tutoe pikapu tuuze zenyewe. Mzee anahitaji mazoezi ya viungo, nani analipa?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu swali lake ni la kweli. Mazoezi yanalipiwa na mimi na yeye, na yeye anatoa zaidi. Na ni kweli pia kwamba pikapu iliyosukwa upya Bariadi, juu ya mninga, haina bei kwa mtu wa Ulaya anayetaka kila kitu kiwe cha kiwandani. Nilimsomea Mjomba ujumbe wote, bila kuruka neno.

Alikaa kimya akauliza, "Mimi nimekufa lini?"

"Hujafa, Mjomba."

"Sasa huu urithi mnaogawana ni wa nani? Mwambie nimesikia. Mazoezi nitayafanyia kwenye hilo gitaa. Suka, mpwa wangu."

Nilisukia kwenye cherehani ya mama, ile ya mkono. Kile kijiti kinachojaza bobini kinazunguka vizuri tu ukikifungia koili ya gitaa. Kuhesabu mizunguko ndiyo shida. Huwezi kuhesabu maelfu kwa kichwa huku umeshika waya usioonekana. Nilifungua kikokotoo cha shule, nikaunganisha kitufe cha sawasawa na swichi ndogo ya sumaku, sumaku nikaibandika kwenye gurudumu linalozunguka. Ukiandika 1 jumlisha 1, kila mzunguko unabonyeza sawasawa na namba inapanda. Mama aligeuza mkono wa cherehani jioni mbili, akiimba nyimbo za kanisani kwa kasi niliyomwomba. Waya ulikatika mara 2, nikauunga kwa risasi. Tulipofika mizunguko 6,000 na kitu koili ilijaa. Nikaichovya kwenye nta iliyoyeyuka, mishumaa sehemu 4 na nta ya nyuki sehemu 1, sufuria ndani ya maji ya moto, ili nyaya zisitikisike zenyewe na kupiga mluzi.

Ikabaki volyumu. Ya gitaa kwa kawaida ni kilo-omu 250 au 500. Iliyokuwepo, aliyoiweka Mjomba, ilitoka kwenye redio ya mkulima na ilikuwa 10. Kwa pikapu hiyo ni kama kumshika mtu shati anapoanza kukimbia: sauti inapungua, na ule ukali wa juu unamezwa kabisa. Nikaweka mpya ya 500 niliyoagiza Mwanza pamoja na nyuzi, nikachomeka gitaa kwenye sabufa ya sebuleni.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia wa Mjomba. Wa kushoto, unaobonyeza freti, unajua kila kitu. Kwa hiyo nilikaa upande wake wa kulia, kiti kwa kiti, nikapiga nyuzi kwa mkono wangu naye akatafuta sauti kwa wake. Gitaa lililia wazi, kali, kila uzi na jina lake. Nilifurahi. Yeye akasimamisha vidole.

"Hili gitaa la nani?"

"Lako, Mjomba."

"Langu halipigi kelele za sahani."

Nikamweleza habari za kilo-omu. Alinisikiliza kwa heshima zote, kama anavyomsikiliza daktari. Kisha akasema kwamba kwenye ile bendi tarumbeta mbili zilikuwa juu, mwimbaji juu, na gitaa lake lilipita chini, zito, watu wakilisikia miguuni. Volyumu ya redio aliiweka kwa kukosa nyingine. Walipompatia nyingine kutoka Nairobi, baadaye, hakuibadilisha.

Kesho yake niliirudisha ile ya redio, nikaongeza swichi ndogo ya kuchagua kati ya hizo mbili, niliyoifunga kwenye tundu la skrubu lililokuwepo ili nisitoboe ubao. Upande mmoja gitaa ni la kiwandani. Upande mwingine ni la mwaka 1981. Swichi inabaki upande wa 1981, nikiigeuza anakohoa.

Binamu bado hajajibu ujumbe wa baba yake, ingawa ameshausoma. Vigingi bado ni vya aina tatu na uzi wa pili unalegea kila baada ya nusu saa. Tunafanya mazoezi jioni, baada ya mimi kusahihisha madaftari, dakika 20, wakati mwingine zaidi. Juzi tulipata mapigo manne kamili bila kugongana, nikaanza kuchangamka.

"Taratibu," akasema. "Unapiga kama unapalilia pamba."