Ua Lisilodai Maji

Katika nchi kavu, mama abebaye debe la maji kutoka mbali hawezi kulaumiwa akikataa kulimwagia ua. Maji ni ya watoto kwanza, kisha ya mifugo. Lakini si lazima nyumba yake ikose pambo. Uko mti mdogo wa nchi hii hii, mdagu, ambao wataalamu huuita Adenium obesum. Shina lake nene huweka akiba ya maji. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, na mara nyingi huchanua maua ya rangi ya waridi hali matawi ni matupu.

Apandaye kwa kipande cha tawi hukiacha kivulini siku kadhaa hata jeraha likauke, ndipo akitie katika udongo wa kichanga usiotuamisha maji, penye jua. Maji mengi huuozesha.

Lakini tahadhari: utomvu wake ni sumu, iliyopakwa mishale tangu zamani. Basi upandwe mbali na watoto na mbuzi, na anayeukata anawe mikono vizuri. Hayo yakifuatwa, maji ya debe yatabaki ya kunywa, na ua wa nyumba utapendeza.